Inchi Nyingi, Nukta Chache: Yajue Haya Kabla ya Kununua Monita Kubwa ya Bei Nafuu

Monita kubwa si kitu cha benki na ofisi za serikali pekee tena. Leo hii, iwe Mombasa, Malindi, Ukunda hata Lamu, utamkuta kijana chumbani kwao ameiunganisha laptopu yake na skrini ya inchi 27. Huyu anahariri video za harusi, yule anachora mabango ya biashara, mwengine ananukuu mahojiano ya watu walio ng'ambo ama anawawekea hesabu wenye maduka. Kazi hizi zinaleta unga nyumbani. Na pesa zinazonunulia skrini hizo aghalabu si za ziada: ni zamu ya chama, ni mkopo wa simu, ama ni akiba ya miezi kadhaa.

Kwa hivyo anayekosea hapa hakosei kitu kidogo. Monita mtu hukaa nayo miaka mitano au zaidi, akiitazama saa nane kwa siku. Ikiwa mbovu, hasara haiishii mfukoni. Inaingia machoni, shingoni na kwenye kazi yenyewe.

Tatizo ni namna tunavyonunua. Tukifika dukani tunauliza maswali mawili tu: inchi ngapi, na bei gani? Muuzaji naye keshatujua, kwa hivyo skrini kubwa kabisa kwa bei ya chini kabisa ndiyo aliyoiweka mbele. Wazee walisema rahisi yavunja upishi. Lipo swali la tatu ambalo wengi hatuliulizi, na ndilo linalotenganisha monita kubwa ya maana na kioo kikubwa kitupu. Swali lenyewe ni hili: ina nukta ngapi?

Inchi inapima nini

Kwanza tuelewane kuhusu inchi. Inchi za monita hupimwa kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, yaani kwa mshazari, si kwa upana. Monita ya kawaida ya inchi 24 ina upana wa karibu sentimita 53 na kimo cha sentimita 30. Ya inchi 27 ni karibu sentimita 60 kwa 34. Ya inchi 32 ni karibu 71 kwa 40.

Zipo pia zile ndefu za kulala, za inchi 34. Jina lake linatisha, lakini kimo chake ni kile kile cha inchi 27. Kilichoongezeka ni upana, unaofika karibu sentimita 80. Chukua futi ya fundi cherehani uipime meza yako kabla hujaondoka nyumbani. Kumbuka pia kwamba stendi inataka nafasi nyuma, na macho yako yanataka kukaa mbali na kioo kwa urefu wa mkono mzima, ama zaidi kidogo skrini ikiwa ya inchi 32.

Nukta ndizo zinazofanya kazi

Picha unayoiona kwenye skrini imetengenezwa kwa nukta ndogondogo za mwanga. Skrini inayoitwa Full HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla zaidi kidogo ya milioni mbili. Hesabu hiyo haibadiliki hata skrini ikikua. Full HD ya inchi 22 ina nukta milioni mbili, na Full HD ya inchi 32 ina nukta milioni mbili zile zile.

Ni sawa na kuchukua donge moja la unga wa chapati ukalisukuma liwe pana. Chapati inaonekana kubwa sahanini, lakini unga haukuongezeka, na ukizidi kuisukuma inaanza kutoboka katikati. Mtu aliyetoka inchi 22 akaenda inchi 32 za Full HD haoni safu hata moja zaidi ya hesabu zake, wala mstari mmoja zaidi wa barua yake. Anaona vile vile vya jana, vimevimba.

Hesabu ya kulinganisha ni nukta ngapi zimeingia kwenye kila inchi moja. Full HD ya inchi 24 ina karibu nukta 92 kwa inchi, na kwa umbali wa mkono herufi zinasomeka safi. Full HD ya inchi 27 inashuka hadi 82. Wapo wanaoizoea, wapo wanaolalamika. Full HD ya inchi 32 inafika 69, na hapo kingo za herufi zinaonekana kama zimekatwa kwa msumeno. Kwa kutazama mpira ukiwa umekaa mbali haina neno. Kwa kusoma na kuandika siku nzima, ni adhabu.

Juu ya Full HD kuna daraja la nukta 2,560 kwa 1,440, ambalo wauzaji huliita QHD au 2K. Hili lina nukta karibu milioni 3.7, yaani zaidi ya Full HD kwa robo tatu na ushei. Kwenye inchi 27 linakupa nukta 109 kwa inchi, na kwenye inchi 32 linakupa 92, usafi ule ule wa inchi 24 lakini kwenye uwanja mpana zaidi. Hapo ndipo ukubwa unapokuwa na faida: unafungua barua upande mmoja na hesabu upande wa pili, na zote zinasomeka.

Juu yake tena kuna 4K, nukta 3,840 kwa 2,160, ambazo ni mara nne ya Full HD. Kwenye inchi 27 ama 32 maandishi yake huwa madogo mno, kwa hivyo wengi huyakuza kwenye mipangilio ya kompyuta. Hapo unachopata ni herufi kali na laini kama za kitabu, si nafasi mara nne. Ni nzuri kwa wanaohariri picha na video, ila inataka kompyuta yenye nguvu.

Basi, kwa mwenye bajeti ndogo, kanuni ni nyepesi. Pesa zikitosha Full HD tu, simama kwenye inchi 24, na usivuke 27. Ukitaka inchi 27 au 32 kwa kazi ya kusoma, tafuta ya 2,560 kwa 1,440. Na kama bei yake inakushinda, fikiria njia ya tatu: monita mbili za inchi 24 zilizotumika, ziwekwe bega kwa bega. Mbili hizo zina nukta zaidi ya milioni nne, kuliko hata hiyo QHD moja, na mara nyingi bei yake haizidi. Hakikisha tu kwamba kompyuta yako ina matundu ya kuziunganisha zote mbili.

Je, TV haifai?

Hili ndilo swali la kila barazani, na jibu lake ni: inategemea TV gani. TV nyingi za bei nafuu za inchi 32 zimeandikwa "HD" au "HD Ready" kwenye boksi. Hiyo si Full HD. Ina nukta 1,366 kwa 768, karibu milioni moja tu, nusu ya monita ndogo ya inchi 22. Kwa inchi moja zinaingia nukta 49. Imetengenezwa itazamwe kutoka upande wa pili wa sebule, na mtu akiiweka mezani mbele ya pua yake asiilaumu.

TV ya 4K ya inchi 43 ni habari nyengine. Ina nukta 102 kwa inchi, kwa hivyo maandishi yanasomeka vizuri ikiwa meza yako ni ya kina kirefu na unaweza kukaa karibu mita moja kutoka kwenye kioo. Lakini itabidi uingie kwenye mipangilio yake. Uzime ule ukuzaji unaokata kingo za picha na kuficha vitufe vya chini, upunguze ukali wa kupaka chumvi, na uchague hali ya kompyuta au ya michezo. Bila hivyo maandishi ya rangi, hasa mekundu, huonekana yamevuja kama wino kwenye karatasi mbichi. Pia TV nyingi hazilali kompyuta inapolala. Utaiwasha na kuizima kwa rimoti kila siku.

Aina ya kioo na maneno ya boksi

Vioo vya monita za bei nafuu ni vya aina tatu. TN ndicho cha chini: ukiinama ama ukisogea kando rangi zinageuka. VA kina weusi mzito na mzuri kwa filamu, ila vitu vyeusi vinavyokimbia huacha kivuli nyuma yake. IPS kinaonyesha rangi ile ile ukitazama kutoka popote, na kwa monita kubwa hili ni jambo la msingi, kwani hata ukiwa umekaa katikati, pembe za skrini unazitazama kwa mshazari. Kwa kazi ya kawaida, IPS ndicho cha kutafuta.

Kama boksi halisemi, jaribu mwenyewe. Weka picha ya uso wa mtu, kisha chuchumaa uitazame kutoka chini, simama uitazame kutoka juu. Uso ukigeuka kijivu ama ukawa kama negativu ya picha za zamani, hicho ni TN.

Maneno mengine ya boksi usiyalipie. Utofautishaji wa mwanga wa "milioni kadhaa kwa moja" ni hesabu ya matangazo. Kioo cha IPS cha kawaida hukaa karibu 1,000 kwa moja, na VA karibu 3,000. HDR kwenye monita ya bei nafuu kwa kawaida ina maana kwamba inaipokea picha hiyo, si kwamba ina mwanga wa kuionyesha. Kasi ya Hz 144 ni ya wachezaji wa gemu. Mwenye kuandika na kuhesabu anatosheka na 60 au 75. Ukiwa na shilingi elfu mbili za kuongeza, ziongeze kwenye nukta au kwenye stendi inayopanda na kushuka. Makali ya juu ya skrini yanatakiwa yawe sawa na macho yako ama chini kidogo, la sivyo shingo italipa.

Laptopu yako itaiweza?

Wapo wanaonunua monita nzuri kisha wanaiunganisha kwa waya wa zamani wa VGA, ule wenye skrubu mbili za buluu. Waya huo hupitisha picha, lakini kwenye skrini kubwa maandishi hupata ukungu. Tumia HDMI ama DisplayPort.

HDMI nazo si sawa. Laptopu nyingi za mtumba zina HDMI ya toleo la 1.4, ambayo ikipewa 4K inaonyesha picha 30 tu kwa sekunde. Utaona kishale cha mausi kikijikokota. Na baadhi ya zile za kale zaidi hazivuki Full HD kwenye HDMI, ingawa tundu lao la DisplayPort linavuka. Lile tundu dogo la USB-C nalo halitoi picha kwenye kila laptopu. Dawa ya yote haya ni moja: ibebe laptopu yako hadi dukani, iunganishe papo hapo, fungua mipangilio ya skrini usome nukta kwa macho yako. Ukiona 1,920 kwa 1,080 kwenye monita uliyoambiwa ni 2K, ama waya ni mbovu, ama laptopu haiwezi, ama umedanganywa.

Mtumba wa Ulaya

Monita zilizotumika, zile zinazoitwa "ex-UK", ni nafasi nzuri kwa mwenye mfuko mdogo. Nyingi zilikuwa za ofisi kubwa za ng'ambo, kwa hivyo zina vioo vya IPS na stendi imara kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Baadhi zina nukta 1,920 kwa 1,200, kimo kilichozidi kidogo, kizuri kwa wanaosoma nyaraka. Lakini mtumba hauna siri ila kwa anayeukagua. Fanya hivi:

Igeuze nyuma usome kibandiko. Mara nyingi mwezi na mwaka wa kutengenezwa umeandikwa pale, pamoja na jina la modeli. Jina hilo liandike kwenye simu upate kuhakikisha nukta zake na aina ya kioo chake.

Weka kwenye simu ama laptopu picha tano zilizojaa rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Zionyeshe kwa skrini nzima. Nyeupe itafichua madoa na umanjano wa taa iliyochoka. Nyeusi itafichua mwanga unaovuja pembeni. Rangi nyengine zitafichua nukta zilizokufa. Nukta moja kwenye pembe unaweza kuivumilia kwa kupunguziwa bei. Mstari mzima wa wima, hata uwe mwembamba kama unywele, achana nayo.

Pandisha mwangaza hadi mwisho. Kama mwisho wake ndio kwanza unatosha, taa imezeeka na haina akiba. Kisha ushushe hadi katikati, uelekeze kamera ya simu. Ukiona mistari minene inayotembea, huenda taa inawaka na kuzima kwa kasi, jambo linalowaumiza wengine kichwa.

Iache iwake nusu saa. Kuna kasoro zinazojitokeza kifaa kikishapata joto tu. Muuzaji mwenye bidhaa safi hatakufukuza, atakupa kiti.

Stima, jua na hewa ya bahari

Sisi wa pwani tuna mambo matatu ambayo boksi halikuyafikiria. La kwanza ni stima. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na monita nyingi hukubali kuanzia 100 hadi 240, kwa hivyo si volti za kawaida zinazoziua. Ni ule mshtuko stima inapopotea na kurudi. Nunua kifaa cha kulinda, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na kioo.

Kuhusu tokeni, soma wati kwenye kibandiko. Monita ya wati 30 ikiwaka saa nane inakula robo ya yuniti kwa siku, karibu yuniti sita kwa siku 26 za kazi. TV ya inchi 43 yaweza kula mara mbili au tatu ya hizo.

La pili ni jua. Usiiweke monita ikitazamana na dirisha, wala wewe usikae ukilitazama dirisha nyuma yake. Dirisha liwe ubavuni. Kioo kisichong'aa kinafaa zaidi kwa nyumba zetu zenye mwanga mwingi.

La tatu ni chumvi na unyevu wa bahari, vinavyokula vyuma vya ndani polepole. Iweke mbali na dirisha la upande wa bahari, ifunike kwa kitambaa ikishazimwa na kupoa, na usiikalishe miezi bila kuiwasha. Ifute kwa kitambaa laini kikavu. Dawa za kusafishia madirisha zinaharibu utando wa juu.

Na kama unaipeleka mbali, tuseme unavuka nayo Mokowe kwenda Lamu, ibebe ikiwa imesimama wima ndani ya boksi, imefungwa nailoni dhidi ya maji. Monita iliyolazwa kifudifudi chini ya mizigo hufika na ufa usioonekana mpaka iwashwe.

Kabla ya kutuma pesa

Usitume pesa kwa picha. Wapo wauzaji waaminifu wa mitandaoni, lakini aliye mwaminifu hatakataa ulipe baada ya kuona. Ukishalipa, dai risiti iliyoandikwa jina la modeli, nambari ya kifaa, idadi ya nukta na muda wa waranti. Risiti ya "monita moja" haikusaidii siku ya ugomvi.

Na lile tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lisikunyamazishe. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaostahili, kupewa maelezo anayoyahitaji, na kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Ukiuziwa HD kwa jina la Full HD, umenyimwa maelezo ya kweli, na maneno yaliyobandikwa ukutani hayaifuti haki hiyo. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza mashauri yasiyozidi Sh1 milioni, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Lakini huko kote utaulizwa karatasi, ndiyo maana risiti ina uzito.

Mwenye chama akikukabidhi zamu yako, nenda dukani na laptopu, waya wako, picha tano za rangi na muda wa kutosha. Uliza nukta kwanza, aina ya kioo pili, matundu tatu. Inchi ziulize mwisho. Muuzaji akiona mpangilio huo wa maswali, bei yenyewe ataanza kuitaja kwa adabu.